Vyumba vinane barabara ya Bombo: kisa cha kiinua mgongo kilichogeuzwa nyumba za kupangisha

Kazi yangu ni kuweka vitabu vya hesabu vya familia zenye nyumba ndogo za kupangisha katika wilaya ya Wakiso. Kisa hiki ni cha familia moja kati ya hizo, na nimekiandika kwa ruhusa yao. Majina, kijiji na alama nyingine za kuwatambulisha nimeziondoa. Mume nitamwita Afande, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita, na mkewe nitamwita Mama. Hesabu zimetoka kwenye daftari lao na zote ni kwa shilingi za Uganda. Ili tusichanganyikiwe, nikisema "pango" ni pesa anayolipa mpangaji, na nikisema "kodi" ni ile ya serikali.

Familia na mkupuo

Afande alistaafu polisi mwaka 2016 baada ya miaka 31 ya kazi. Yeye na mkewe wanatoka makabila mawili yasiyosikilizana kwa lugha, na watoto wao wamekulia kambini, kwa hiyo nyumbani kwao ni Kiswahili tangu asubuhi mpaka usiku. Kiinua mgongo chake kilikuwa milioni 58. Pensheni ya kila mwezi ni 480,000. Mama anauza chai na chapati asubuhi kwenye stendi ya boda boda. Wakati huo watoto wawili walikuwa bado sekondari. Nyumba ya kukaa walikuwa nayo, ya vyumba viwili, waliyoijenga polepole kabla ya kustaafu.

Afande alipigiwa hesabu nyingi na marafiki. Mmoja alimwambia anunue taksi, mwingine afungue duka la vifaa vya ujenzi. Akachagua nyumba za chumba kimoja kimoja, zile ambazo huku kwetu huitwa mizigo. Sababu yake ilikuwa nzuri: taksi huzeeka na duka linahitaji mtu wa kusimama mlangoni kila siku, lakini chumba kikishajengwa kinaweza kumtunza hata akiwa mgonjwa kitandani. Sijawahi kumlaumu kwa uamuzi huo. Yaliyomuumiza ni namna alivyoutekeleza.

Kibanja na muhuri wa LC

Mwaka 2017 dalali alimwonyesha kiwanja cha futi 50 kwa 100, umbali mfupi kutoka barabara kuu ya Bombo. Bei ilikuwa milioni 21. Muuzaji alikuwa mzee wa kijiji, anajulikana, hana kesi na mtu. Makubaliano yaliandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mashahidi wakatia saini, muhuri ukagongwa. Afande akaona kazi imekwisha. Mtu aliyefanya kazi ya serikali miaka 31 huuamini muhuri.

Ambalo hakuuliza ni hili: ardhi ile ni ya nani? Sehemu kubwa ya Buganda, ambamo Wakiso imo, iko chini ya mfumo wa umiliki wa ardhi uitwao mailo, uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900. Mtu mmoja anaweza kuwa na hati ya ardhi, na mwingine akawa anakaa juu yake kihalali akiwa na kibanja. Mwenye kibanja hulipa busuulu, pesa ndogo ya kila mwaka, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda asifukuzwe ovyo. Lakini sheria hiyo hiyo, hasa baada ya marekebisho ya 2010, inamtaka mwenye kibanja anayetaka kuuza ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Akimruka, mauzo yanaweza kuhesabika batili na haki ya kibanja ikapotea. Muhuri wa LC unathibitisha kwamba watu wawili walikutana wakapatana. Kibali cha mwenye ardhi ni jambo jingine kabisa.

Msingi wa vyumba vinane ulikuwa umeshamwagwa na kuta zimefika kimo cha madirisha siku alipokuja kijana mmoja na boda boda, faili kwapani. Alisalimia kwa adabu, akazunguka jengo lote, kisha akasema: "Afande, nyumba yako ni nzuri. Lakini umeijenga juu ya ardhi ya nani?" Alikuwa mwakilishi wa mwenye ardhi.

Walijadiliana miezi saba. Mwishowe Afande alilipa milioni 3 na nusu kwa mafungu mawili. Malipo hayo Waganda huyaita kanzu: jina ni lile lile la vazi, na maana yake ni zawadi ya mgeni kujitambulisha kwa mwenye ardhi. Akapewa barua ya ridhaa na stakabadhi ya kwanza ya busuulu. Katika miezi hiyo kuta zilinyeshewa misimu miwili ya mvua. Sehemu ya upande wa bondeni ilibidi ibomolewe na kujengwa upya.

Mkopo

Kuta zilipofika juu, mfukoni zilikuwa zimebaki milioni 4. Kumaliza vyumba vyote vinane kwa mabati, plasta, sakafu, milango na choo kulihitaji milioni 16. Hapa palikuwa na njia mbili, na zote mbili zilijadiliwa usiku mmoja mezani kwao.

Mama alitaka wamalize vyumba vinne tu. Fundi alisema vinne na choo vitamalizika kwa milioni 9, kwa hiyo wangekopa milioni 5, wapangishe, kisha pango la vinne liwamalizie vinne vingine.

Afande alitaka vyote kwa pamoja. Alisema fundi akiondoka na kurudi huja na bei mpya, na mabati ya jumla ni nafuu. Pia aliona mtu wa cheo chake hawezi kuacha nusu ya jengo bila paa, watu wapite wakitazama. Benki haikukubali kibanja kuwa dhamana kwa kuwa hakina hati. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilikubali, pensheni ikiwa dhamana: milioni 12, miezi 24, riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi.

Hesabu ya Afande ilikuwa ya mstari mmoja. Vyumba vinane mara 120,000 ni 960,000. Rejesho la mwezi ni 800,000. Zinabaki 160,000, na pensheni haiguswi.

Riba ile ilikuwa inapigwa kwenye milioni 12 zote tangu mwezi wa kwanza hadi wa 24, hata pale deni lilipokuwa limebaki milioni 1. Yaani 300,000 za riba kila mwezi bila kupungua. Ukiigeuza kuwa riba inayopigwa kwenye salio, inapita kidogo asilimia 4 kwa mwezi. Karatasi ya mkopo haikuficha lolote, ila hakuna aliyekaa naye kumfafanulia.

Mwaka wa kwanza

Wapangaji waliingia Januari 2019. Mimi sikuwepo bado, lakini Mama alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu nyuma ya daftari la chapati, na daftari hilo ndilo lililotuwezesha kuujenga upya mwaka ule mzima.

Pango lililotarajiwa lilikuwa 11,520,000. Ukivihesabu vyumba kwa miezi, yaani vinane mara 12, vilikuwa 96. Kati ya hivyo, 11 vilikaa vitupu, na sita vilikuwa na mtu ila hakulipa. Zilizoingia ni 9,480,000. Maji na umeme, ambavyo vilikuwa ndani ya pango, vilikula 1,860,000. Gari la kunyonya choo lilikuja mara mbili kwa 180,000 kila safari. Matengenezo yalikuwa 640,000. Zikabaki 6,620,000, na marejesho ya mkopo yalikuwa 9,600,000.

Pengo: 2,980,000. Karibu 248,000 kila mwezi, zikitoka kwenye pensheni ya 480,000. Nyumba iliyojengwa ili imtunze mzee ilikuwa inatunzwa na mzee.

Umeme ulikuwa vita yake yenyewe. Kulikuwa na mita moja ya Yaka, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia, kwa vyumba vyote. Mama huwa ananisimulia usiku mmoja wa tarehe 19: yuniti za mwezi zimekwisha, giza limeingia vyumba vyote vinane kwa pamoja. Mpangaji wa chumba cha pili, mwenye friji ya kuuza juisi, katoka nje. Mwalimu wa chumba cha saba katoka na madaftari ya wanafunzi mkononi. Watu wote kwenye varanda, na hakuna aliyesema kitu, wanamtazama Mama. Akatoa 10,000 za unga wa kesho, akanunua yuniti kwa simu, akawa anasoma tarakimu 20 moja moja huku Afande akizibonyeza kwa mwanga wa tochi. Alikosea mara mbili. Taa zilipowaka, kila mtu akarudi ndani kwake. Kesho yake chapati zilikuwa nusu ya kawaida.

2020

Machi 2020 amri ya kufunga nchi ilipotoka, rejesho la 15 lilikuwa limelipwa na tisa yamebaki. Tazama waliokuwa ndani: wawili waendesha boda boda, ambao walikatazwa kubeba abiria hadi mwishoni mwa Julai. Mmoja fundi wa saluni, na saluni zilifungwa. Mmoja mwalimu wa shule ya binafsi, na shule za Uganda hazikufunguka kikamilifu hadi Januari 2022. Wengine walikuwa wachuuzi. Vyumba vyote vilitegemea watu wa kipato cha siku kwa siku, na siku zote zilifungwa kwa pamoja.

Kwanza waliamua pango liwe nusu, na nusu nyingine iandikwe kuwa deni. Afande ndiye aliyetaka iandikwe. Juni, wapangaji wawili waliondoka usiku, godoro kichwani, bila kuaga. Mama akasema, "Baba, deni ndilo lililowatoa hawa. Waliobaki tuwafutie." Wakafuta. Mpangaji mwingine mmoja aliondoka kwa heshima, akarudi kwao kijijini. Watano wakabaki. Mwalimu alianza kufyatua matofali na akawa analeta 40,000, siku nyingine 30,000, zimekunjwa ndani ya karatasi.

Chama cha mikopo kilisimamisha marejesho miezi mitatu, kisha kikaongeza faini ya jumla ya 900,000. Afande aliuza pikipiki yake. Mkopo uliisha Agosti 2021.

Tulivyoanza upya

Mama alikuja kwangu mwezi uliofuata. Alikuwa amebeba daftari la chapati, stakabadhi za gari la choo na barua ya ridhaa ya mwenye ardhi, vyote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, kaveera. Akasema: "Mwanangu, mkopo umekwisha lakini pesa siioni. Nionyeshe inakopitia."

Tulianza na kila chumba kupewa ukurasa wake: aliyeingia, tarehe, alicholipa, kilichotengenezwa, na siku aliyoondoka na sababu. Hiyo sababu ya kuondoka ndiyo iliyotufungua macho. Mama aliwakumbuka wote, na baadhi tuliwapigia simu. Tangu 2019 walikuwa wameondoka wapangaji tisa, na sita kati yao walitaja choo. Pango halikutajwa na yeyote kuwa kubwa.

Choo kilikuwa shimo moja lenye milango miwili, watu karibu 20. Eneo lile linateremka kuelekea kinamasi. Shimo lilichimbwa bila kujengewa kuta ndani, kwa hiyo kila msimu wa mvua maji ya ardhini yalipenya na kulijaza. Siku mbili tatu kabla ya gari kuja, akina mama wenye watoto wadogo walikuwa wanaomba jirani. Nilienda mwenyewe asubuhi moja ya mvua, saa kumi na mbili, nikaona foleni ya watu watano wenye ndoo na viatu vya mpira, na msichana wa saluni amesimama mbali na wenzake, amevaa nguo za kazi, hataki kukanyaga. Mwezi ule ule alihama.

Tukatenga pesa miezi saba. Mwaka 2022 likachimbwa shimo jipya upande wa juu, likajengewa kwa matofali na saruji, milango minne, kila mlango na kufuli lake, vyumba viwili wanatumia funguo za mlango mmoja. Gharama ilikuwa milioni 2.6. Kufuli zilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotegemea: vyumba viwili vikijuana, usafi una mwenyewe.

Kuhusu umeme, tuliweka mita ndogo kila chumba ili kila mtu ajilipie wake, 700,000 pamoja na fundi, na pango likashuka kuwa 110,000. Mwenye friji alikasirika, akahama ndani ya wiki mbili. Tulimpoteza mpangaji mlipaji, na mimi ndiye niliyeshauri. Lakini mzigo wa umeme wa Afande ulishuka hadi taa za nje tu, karibu 15,000 kwa mwezi.

Na kodi. Afande hakuwahi kuitangaza nyumba hii kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Hakuwa anakwepa, aliamini pesa inayotokana na kiinua mgongo imeshakatwa. Tulimchukulia namba ya mlipakodi. Kwa mtu binafsi kanuni ni nyepesi: pango lote la mwaka, toa 2,820,000, kinachobaki kinatozwa asilimia 12. Gharama hazitolewi, hata ukijenga choo kipya. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wote waiweke kodi kwenye hesabu kabla ya kufyatua tofali la kwanza.

Chumba cha tano

Mwisho wa 2022 kijana wa chumba cha tano alifikisha miezi minne bila kulipa, 440,000. Alikuwa anafunga mlango alfajiri na kurudi usiku wa manane. Afande akachukua nyundo na patasi aende kung'oa mlango. Wenye nyumba wengi wa mitaa yetu hufanya hivyo, na wengine huezua hata mabati, mpangaji alale akitazama nyota.

Mama alinipigia simu. Nilimkuta Afande varandani, nyundo iko magotini. Nikamwambia, "Afande, wewe umewakamata watu wangapi kwa kuvunja?" Alinyamaza muda mrefu. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 hairuhusu mpangaji kutolewa bila amri ya mahakama, na polisi mstaafu angekuwa wa kwanza kufanywa mfano.

Tulianzia kwa LC1. Kijana alikubali kuondoka mwisho wa mwezi na kulipa 200,000 kwa mafungu mawili, nyingine wakasamehe. Alilipa 100,000 ya kwanza kwa simu, ya pili hatukuiona. Hasara ilikuwa 340,000. Mlango haukuvunjwa, na tarehe moja ya mwezi uliofuata chumba kilikuwa na mtu.

Tangu hapo kila mpangaji husaini karatasi moja ya Kiswahili au Kiluganda, huacha nakala ya kitambulisho, na huandikishwa kwa LC. Mwezi wa pili bila malipo, Mama anaenda kuongea. Hasubiri wa nne.

Hali ilipofikia

Mwaka wa fedha 2023/24, kati ya miezi 96 ya vyumba, 89 ililipwa. Ziliingia 9,790,000. Maji na umeme wa nje 900,000, matengenezo 710,000, kunyonya choo mara moja 190,000, mfagizi 600,000, busuulu 20,000, kodi 836,400. Kilichobaki ni 6,533,600, karibu 544,000 kwa mwezi. Kwa mara ya kwanza nyumba ilimpa Afande pesa nyingi kuliko pensheni.

Uchambuzi

Tukusanye vyote vilivyoingia: kiwanja milioni 21, kanzu 3.5, ujenzi 45.5, riba 7.2, faini 0.9, choo na mita 3.3. Jumla ni milioni 81.4. Faida ya 6,533,600 ni asilimia 8 tu kwa mwaka. Hati fungani za muda mrefu za serikali, ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzinunua kuanzia 100,000, zimekuwa zikitoa zaidi ya hapo hata baada ya kukatwa kodi, bila choo wala nyundo. Nilimwonyesha Afande hesabu hii waziwazi. Alinijibu kwamba hati fungani haipandi thamani kama ardhi, na watoto hawawezi kuishi ndani yake. Ana haki. Lakini mtu mwenye mkupuo mkononi anastahili kuziona hesabu zote mbili kabla ya kuchagua, na yeye hakuonyeshwa.

Kosa lililomgharimu zaidi liko kwenye ule mstari mmoja wa vyumba vinane mara 120,000. Mkopo ulipimwa kwa nyumba iliyojaa na inayolipa mwezi mzima, mwaka mzima, bila maji wala umeme wala choo. Nyumba yake halisi ilikusanya asilimia 82, kisha gharama zikala karibu theluthi ya hizo. Ningekuwepo usiku ule, ningemwambia apime rejesho kwa vyumba vitano, na lisipotoshea, asikope.

Je, njia ya Mama ingefaulu? Nimeipigia hesabu. Mkopo wa milioni 5 kwa riba ile ile ungekuwa na rejesho la kama 333,000. Vyumba vinne, kwa kiwango kile kile cha malipo na nusu ya gharama, vingebakiza karibu 276,000. Bado lingekuwepo pengo, lakini la 57,000 kwa mwezi badala ya 248,000. Pensheni ingelibeba bila watoto kuhisi. Na Machi 2020 ingewakuta na deni dogo na pikipiki bado uani. Vyumba vinne vingine vingechelewa labda miaka mitatu, na fundi kweli angekuja na bei mpya. Hata hivyo ningechagua hiyo.

Kibanja ni kosa la aina nyingine, kwa sababu lilikuwa la kuepukika kabisa. Kanzu yenyewe wangeilipa hata hivyo. Ila mnunuzi akienda kwa mwenye ardhi kabla ya kulipa, huongea akiwa na pesa mkononi na nafasi ya kuondoka. Afande aliongea akiwa na kuta zimesimama. Miezi saba, ukuta uliobomolewa, na bei aliyotajiwa, vyote vilitokana na kuchelewa huko.

Lililofaulu zaidi naona ni ule uamuzi wa kufuta deni la 2020, ingawa siku ile ulionekana kama hasara juu ya hasara. Kati ya watano waliobaki, wawili wako pale mpaka leo, mwalimu akiwa mmojawao. Amerudi darasani, na pango lake huja kabla ya tarehe tano. Mpangaji akikaa miaka, hakuna chumba kitupu, hakuna rangi mpya, hakuna dalali.

Choo nakitaja tena kwa sababu kwenye karatasi hakilipi. Ukihesabu safari moja ya gari iliyopungua kwa mwaka, milioni 2.6 zingechukua miaka 14 kurudi. Faida yake iko kwenye miezi iliyopotea: 17 mwaka 2019, saba mwaka 2023/24. Siwezi kusema yote ni choo, maana mita na karatasi za makubaliano vilisaidia pia. Lakini tangu 2022 hakuna aliyeandikwa kwenye ukurasa wake kwamba ameondoka kwa sababu hiyo.

Nilichoshindwa mimi ni kuongea na mwenye friji kabla ya kufunga mita. Angepewa miezi miwili ya kuzoea, pengine angebaki.

Mwaka jana Afande alileta fomu nyingine ya mkopo. Kiwanjani kuna nafasi ya vyumba vinne vya kisasa, choo ndani, na vya namna hiyo hupangishwa haraka. Mama alikataa. Anataka kwanza wanunue haki ya mwenye ardhi, ili wapate hati yao wenyewe. Mwakilishi ametaja milioni 14. Wameweka 200,000 kila mwezi kwa miezi 21 kwenye akaunti isiyo na kadi, na sasa ziko milioni 4.2. Fomu ya mkopo bado iko kwenye kabati, haijasainiwa. Mwezi ujao tunaenda wote watatu kuonana na mwakilishi, na stakabadhi zote za busuulu tangu 2018 zimeshapangwa kwa mwaka, kwenye kaveera ule ule.